Kuchelewesha dayalisisi: miaka huokolewa wapi, na hupotea wapi

Watu wengi hugundua kwamba figo zao zina hitilafu kwa bahati tu. Wamekwenda kupima kitu kingine, au wanaandaliwa kwa upasuaji mdogo, na karatasi ya maabara inarudi ikionyesha kreatinini iko juu. Hawaumwi. Mkojo unatoka kama siku zote, mgongo hauumi, kazi wanafanya. Daktari anataja ugonjwa sugu wa figo, na katika yote anayoeleza baada ya hapo, kinachobaki kichwani ni dayalisisi, yaani mashine ya kusafisha damu. Swali la kwanza huwa lile lile: nitafika huko lini, na je, naweza kuahirisha?

Kwa wengi inawezekana kuahirisha miaka mingi, na kwa wengi zaidi siku hiyo haifiki kabisa. Ila katika kuahirisha huko kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku. La kwanza ni kulinda uwezo wa figo uliobaki, kazi inayofanyika mapema, wakati mtu bado anajiona mzima. La pili ni kuchagua siku ya kuanza dayalisisi figo zikiwa zimekaribia mwisho wake. Miaka huokolewa katika la kwanza. Katika la pili huokolewa miezi, na anayeahirisha kupita kiasi anaweza kupoteza uhai. Kinachonisikitisha ni kuona jinsi watu wanavyolipuuza la kwanza kwa sababu hawasikii maumivu, kisha wakalipigania la pili kwa nguvu zao zote.

Kwa nini ugonjwa huendelea hata chanzo kikitulia

Kila figo ina nefroni zinazokadiriwa kufikia milioni moja, ingawa wapo wanaozaliwa na pungufu sana ya hapo. Nefroni ni kichujio kidogo kisichoonekana kwa macho, fundo la vishipa vyembamba lililounganishwa na mrija. Kwa siku moja figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, zikarudisha karibu yote mwilini na kuacha lita moja au mbili zitoke kama mkojo. Nefroni ikifa haioti nyingine. Ngozi huziba jeraha, ini hukua tena likikatwa, lakini nefroni tulizozaliwa nazo ndizo tutakazokuwa nazo.

Nefroni zinapopungua, zilizobaki huchukua mzigo wa zilizoondoka, kama wapagazi ambao wenzao wameanguka njiani: msafara unasonga, mizigo inafika, na anayeutazama kwa mbali hajui kwamba mabega yaliyobaki yanachubuka. Presha ndani ya kila kichujio hupanda. Kwa muda hilo husaidia, kiasi kwamba mtu anaweza kupoteza nusu ya nefroni zake bila dalili yoyote. Lakini presha hiyo hiyo huumiza ukuta wa kichujio. Protini huanza kuvujia kwenye mkojo, kovu hujitokeza, nefroni nyingine inakufa, na waliobaki wanaongezewa mzigo tena. Barry Brenner na wenzake nchini Marekani waliueleza mzunguko huu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sehemu kubwa ya dawa za kulinda figo tulizonazo leo huulenga moja kwa moja.

Ndiyo maana ugonjwa ulioanzishwa na kisukari, shinikizo la damu, uvimbe wa vichujio, mawe yaliyoziba njia ya mkojo au ugonjwa wa kurithi wa vifuko kwenye figo unaweza kuendelea polepole hata baada ya chanzo chake kudhibitiwa. Figo ikishapoteza nefroni nyingi, hujimaliza kwa kujituma.

Namba mbili, na moja inayosahaulika

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo zikichoka huitoa kidogo, nayo hupanda kwenye damu. Kwa kuwa inatoka kwenye misuli, namba yake peke yake hudanganya: kijana mwenye misuli mikubwa anaweza kuwa nayo juu na figo zake ni nzima, na bibi mwembamba akawa na kreatinini inayoonekana ya kawaida hali figo zake zimechoka nusu. Hata kula nyama nyingi iliyopikwa muda mfupi kabla ya kutolewa damu kunaweza kuipandisha. Kwa hiyo maabara huchukua kreatinini, umri na jinsia, ikakokotoa kiwango cha uchujaji, kile kinachoandikwa kwa herufi eGFR. Kipimo chake ni mililita kwa dakika, lakini wengi hukisoma kana kwamba ni asilimia ya uwezo wa figo, na kwa matumizi ya kila siku hilo si kosa kubwa.

Ugonjwa huu hugawanywa katika hatua tano. Kiwango cha 60 hadi 89 ni hatua ya pili, nayo huhesabiwa kuwa ugonjwa pale tu kunapokuwa na dalili nyingine ya madhara, kama protini kwenye mkojo. Kati ya 30 na 59 ni hatua ya tatu, ambayo madaktari huigawa mara mbili kwenye 45. Kati ya 15 na 29 ni hatua ya nne, na chini ya 15 ni ya tano. Hakuna anayepaswa kuitwa mgonjwa sugu kwa kipimo kimoja. Hitilafu lazima idumu zaidi ya miezi mitatu, kwa sababu kuhara kukali, homa au dawa fulani vinaweza kuishusha namba kwa wiki chache kisha ikarudi.

Inayosahaulika ni namba ya pili, ya albumini kwenye mkojo. Hiyo ndiyo protini inayovuja vichujio vikiumia. Hupimwa kwa mkojo kidogo tu, ikilinganishwa na kreatinini ya mkojo huo huo. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni kawaida, 30 hadi 300 ni onyo, zaidi ya 300 ni uvujaji mkubwa. Chukua watu wawili wenye eGFR ya 40. Mmoja ana miaka 78 na mkojo wake hauna albumini. Mwingine ana miaka 45 na albumini yake imefika 1,200. Hatua yao imeandikwa ile ile, ila safari zao hazifanani hata kidogo: wa kwanza huenda asiione mashine maisha yake yote, wa pili anahitaji kushughulikiwa kwa haraka. Tangu mwaka 2011 kuna kanuni iliyoundwa na Navdeep Tangri na wenzake huko Kanada inayotumia umri, jinsia na namba hizi mbili kukadiria uwezekano wa figo kushindwa kabisa ndani ya miaka miwili au mitano. Mwenye ugonjwa huu ana haki ya kumuuliza daktari wake makadirio hayo. Kwa maoni yangu, anayefuatilia figo zake kwa kreatinini pekee bila kupima mkojo anatembea jicho moja likiwa limefumbwa.

Kuna jambo jingine katika namba hizi ambalo halisemwi vya kutosha. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuata wagonjwa kwa miaka mitano. Kati ya waliokuwa hatua ya tatu, asilimia 1.3 walifikia dayalisisi au kupandikizwa figo, huku asilimia 24.3 wakifariki dunia. Figo zinapochoka, moyo na mishipa ya damu huumia pamoja nazo, na mara nyingi moyo hutangulia. Mtu anayehangaika na mashine huku bado anavuta sigara na presha yake imepanda ameelekeza hofu yake mahali pasipo na hatari kubwa zaidi. Ndiyo sababu daktari huongeza dawa ya kushusha lehemu hata kwa mtu ambaye hajawahi kulalamika kifua. Habari njema ni kwamba mengi yanayolinda moyo ndiyo hayo hayo yanayolinda figo.

Dawa zinazonunua muda

Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti wa kaptoprili, dawa ya presha, kwa wagonjwa 409 wa kisukari aina ya kwanza ambao figo zao zilikuwa zinavujisha protini. Hatari ya kreatinini kuongezeka maradufu ilipungua karibu nusu, na upungufu huo haukuelezeka kwa kushuka kwa presha peke yake. Dawa hiyo, pamoja na ndugu zake kama enalaprili, na zile za kundi la losartani zilizothibitishwa mwaka 2001 kwa kisukari aina ya pili, hulegeza mshipa mdogo unaotoa damu kwenye kichujio. Mlango wa kutokea ukifunguka, presha ndani hupungua. Nefroni inapumzishwa.

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Presha ikishuka ndani ya kichujio, uchujaji nao hushuka kidogo, na kreatinini inaweza kupanda katika wiki za kwanza. Mgonjwa anaona namba, anahitimisha kwamba dawa inaua figo zake, anaiacha. Ukweli ni kwamba ongezeko lisilozidi asilimia 30 hukubalika na kwa kawaida hutulia. Linaonyesha kwamba dawa imeanza kazi yake. Kinachotakiwa ni kurudia kipimo cha kreatinini na cha madini ya potasiamu wiki mbili hadi nne baada ya kuanza au kuongezewa dozi. Likizidi hapo, au potasiamu ikipanda sana, daktari ndiye wa kuamua, kwa kuwa wakati mwingine mshipa mkuu wa figo umekuwa mwembamba na dawa hiyo haimfai mtu huyo. Vilevile haifai kwa mjamzito. Wapo waliodhani kwamba figo zikifika hatua za mwisho ni heri kuiacha ili zipate nafuu. Utafiti wa STOP-ACEi wa mwaka 2022 uliijaribu dhana hiyo kwa watu 411 wenye eGFR chini ya 30, na baada ya miaka mitatu walioacha hawakuwa na figo bora kuliko walioendelea.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka kwenye dawa za kisukari zinazomwaga sukari kwenye mkojo: kanagliflozini, dapagliflozini na empagliflozini. Zenyewe huubana mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio, kwa hiyo zikikutana na losartani presha ya ndani hupunguzwa pande zote mbili. Katika utafiti wa DAPA-CKD wa mwaka 2020, uliokuwa na watu 4,304 na karibu theluthi yao hawana kisukari, madhara makubwa ya figo au kifo kutokana na figo au moyo yaliwapata asilimia 9.2 ya waliopewa dawa na asilimia 14.5 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, katika muda wa miaka miwili na ushee. Namba hizo zinaonekana ndogo. Lakini ukiziendeleza mbele miaka kumi, hiyo ni tofauti kati ya kuanza dayalisisi watoto wakiwa shule ya msingi na kuianza wameshajitegemea. Nazo pia hushusha eGFR kidogo mwanzoni, na huongeza uwezekano wa fangasi sehemu za siri, jambo ambalo watu huona aibu kulisema na kuamua kuacha dawa kimya kimya. Ni vema lisemwe, linatibika. Kwa wenye kisukari aina ya pili zimeongezeka finerenoni, na mwaka 2024 sindano ya semaglutaidi, ambazo zote mbili zimeonyesha kupunguza kasi ya figo kuchoka.

Hakuna dawa yoyote kati ya hizi inayoweza kumaliza kazi yake presha ikiwa imeachwa juu. Madaktari wengi hulenga chini ya 130 kwa 80, na mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2021 ulishuka hadi 120 kwa namba ya juu, mradi ipimwe kwa utaratibu: mtu ametulia dakika tano, amekaa na kuegemea, mkono umeegeshwa usawa wa moyo. Kuipima nyumbani na kuandika kwenye daftari kuna faida kuliko namba moja ya kliniki iliyopimwa mtu akiwa amefika mbio.

Kuhusu sukari, kuna mtego ambao ningependa kila mwenye kisukari aufahamu. Figo husaidia kuondoa insulini mwilini. Zikichoka, insulini hukaa muda mrefu na sukari huanza kushuka yenyewe, hata kwa dozi zile zile. Familia hufurahi kwamba kisukari kinapona, na wengine humshukuru aliyewapa dawa mpya ya kunywa. Mara nyingi kinachotokea ni kinyume chake: figo zimefika pabaya, na dozi isipopunguzwa mtu anaweza kuanguka usiku sukari ikiwa chini mno.

Vinavyoiba miaka kwa siku chache

Ugonjwa wa figo mara nyingi haushuki kwa mteremko laini. Mtu anaweza kukaa miaka minne eGFR yake ikizunguka 38, kisha wiki moja ya kuharisha na dawa za maumivu ikampeleka 24, na isirudi tena ilipokuwa. Kwa hiyo kujikinga na majanga haya ya ghafla ni sehemu ya kuchelewesha dayalisisi sawasawa na dawa za kila siku.

Dawa za maumivu za kundi la ibuprofeni, diklofenaki na naprokseni huzuia kemikali zinazouweka wazi mshipa wa kuingiza damu kwenye kichujio. Mtu mzima mwenye figo nzima huenda asihisi kitu. Lakini anayetumia enalaprili au losartani ameshafunguliwa mlango wa kutokea, na akiwa pia na dawa ya kukojoza, maji mwilini ni kidogo. Akiongeza diklofenaki, mlango wa kuingilia unabanwa. Presha ya kuchuja inatoweka, na figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Mchanganyiko huo wa dawa tatu umewaingiza hospitali watu wengi waliokuwa wakienda vizuri tu, kisha wakaumwa goti. Parasetamoli kwa dozi ya kawaida ni salama zaidi. Na kila unapouziwa dawa ya maumivu au ya mafua, mwambie muuzaji kwamba una ugonjwa wa figo, kabla hajafungua boksi.

Siku ya kutapika na kuharisha ina kanuni yake. Wakati mwili unapoteza maji, dawa za kundi la enalaprili na losartani, za kukojoza, metformini ya kisukari na zile za kumwaga sukari kwenye mkojo zinaweza kugeuka hatari kwa siku mbili tatu. Madaktari wengi huwaambia wagonjwa wasimamishe baadhi ya dawa hizo hadi watakapokula na kunywa kama kawaida. Zipi na kwa muda gani, hilo linatakiwa kuulizwa mapema na kuandikwa, maana mtu anayetapika saa nane za usiku hana nafasi ya kulijadili. La muhimu kuliko yote ni kukumbuka kuzirudisha baadaye.

Kisha kuna mitishamba. Silaumu anayeitafuta, mtu akiambiwa hakuna dawa ya kuponya, atasikiliza yeyote anayemwahidi uponyaji. Lakini mmea kuwa wa asili hakuufanyi uwe rafiki wa figo. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels waliripoti wanawake ambao figo zao zilikuwa zimeharibika kwa kasi isiyo ya kawaida. Wote walikuwa wametumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza uzito, na aliyekuja kubainika kuwa mkosaji ni mmea wa jamii ya aristolokia. Wengi waliishia kwenye dayalisisi, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo. Figo ndizo zinazopitisha na kukoleza karibu kila kinachoingia, na mchanganyiko usioandikwa viungo vyake hauwezi kupimwa na daktari wala kuepukwa na mgonjwa.

Sahani na glasi

Chumvi ndiyo ya kwanza kwenye sahani. Lengo ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha iliyojificha kwenye vyakula vya viwandani. Chumvi ikipungua, presha hushuka, miguu haivimbi, na dawa za kupunguza uvujaji wa protini hufanya kazi vizuri zaidi. Ila chumvi mbadala inayouzwa kwa jina la chumvi ya wenye presha mara nyingi huwa na potasiamu nyingi, na kwa figo zilizochoka inaweza kuuvuruga moyo.

Protini huleta ubishi. Miongozo hutaja takriban gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 hupata gramu 56, ambazo ni za protini yenyewe, kwani gramu 100 za nyama iliyopikwa huwa na protini gramu 25 hadi 30 tu. Kushuka chini zaidi ya hapo kunaweza kusaidia baadhi ya watu, lakini kunahitaji mtaalamu wa lishe. Nimekuwa nikisikia wagonjwa wakisifiwa kwa kuacha kila kitu, nao wanakonda. Mgonjwa wa figo aliyekonda na kuishiwa misuli anaanza dayalisisi akiwa dhaifu, na udhaifu huo ni hatari kuliko kipande cha nyama alichonyimwa. Isitoshe, misuli ikipungua kreatinini hushuka, na namba inaonekana imekuwa nzuri wakati mtu anazidi kudhoofika.

Matunda na mboga hazipaswi kukatazwa kwa kila mwenye ugonjwa wa figo. Potasiamu hupunguzwa pale damu inapoonyesha iko juu, na hapo kuchemsha mboga na kumwaga maji yake husaidia. Fosfeti, madini mengine yanayolimbikizwa figo zikichoka, ile inayoongezwa viwandani kwenye soda nyeusi na nyama za kusindika hunyonywa karibu yote mwilini, ilhali ile iliyomo kwenye maharage na nafaka hunyonywa kwa sehemu tu. Kwa hiyo kukataza maharage huku soda ikiachwa ni kupindua mambo.

Na maji? Ushauri wa kunywa maji mengi ili kuosha figo umeenea kila mahali. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2018 uliowashirikisha watu 631 wenye ugonjwa huu ulilinganisha waliohimizwa kunywa zaidi na walioendelea na kawaida yao. Baada ya mwaka mmoja figo hazikutofautiana. Kunywa kwa kiu kunatosha kwa wengi, na anayevimba au mwenye moyo dhaifu anaweza kudhurika na maji ya ziada.

Mwisho wa njia: lini kuanza

Zamani madaktari wengi waliamini kwamba kuanza dayalisisi mapema kunarefusha maisha. Utafiti wa IDEAL, uliofanyika Australia na New Zealand na kuchapishwa mwaka 2010, uliwagawa watu 828: kundi moja lianze uchujaji ukiwa kati ya 10 na 14, jingine lisubiri ufike kati ya 5 na 7. Waliosubiri walianza takriban miezi sita baada ya wenzao. Vifo vilikuwa asilimia 37.6 kwa waliowahi na 36.6 kwa waliosubiri, sawa kabisa kitakwimu. Kuwahi hakukumwongezea mtu chochote isipokuwa miezi sita zaidi ya kuchomwa sindano.

Matokeo hayo yamenukuliwa sana na wanaotaka kusubiri, lakini sehemu yake ya pili huachwa. Zaidi ya robo tatu ya waliopangiwa kusubiri walilazimika kuanza kabla ya kufika 7, kwa sababu miili yao ilikataa. Na wote walisubiri wakiwa chini ya uangalizi wa karibu. Hakuna aliyejificha nyumbani. Kwa hiyo namba pekee haiamui siku. Kinachoamua ni kichefuchefu na kutapika kusikoisha, hamu ya chakula iliyokufa na uzito unaoshuka, muwasho unaonyima usingizi, akili inayozubaa, maji yanayojaa mapafuni na kukaidi dawa za kukojoza, na potasiamu isiyotii tiba. Kuchanganyikiwa, degedege au maumivu ya kifua yanayotokana na utando wa moyo kuvimba ni dharura. Hapo hakuna tena suala la kuahirisha.

Anayesubiri kwa usalama ni yule ambaye ameshajiandaa. Mashine huhitaji njia ya kuingia kwenye damu, na njia bora ni fistula, mshipa wa vena uliounganishwa na ateri mkononi, mbinu iliyoelezwa mwaka 1966 na madaktari wa New York. Fistula huchukua wiki kadhaa hadi miezi kukomaa, na nyingine hazikomai kabisa, hivyo upasuaji wake hupangwa miezi mingi kabla. Kwa sababu hiyo, mtu aliye hatua ya nne anatakiwa kuilinda mishipa ya mikono yake tangu sasa: damu itolewe nyuma ya kiganja, na mkono usio wa kazi uachwe bila kuchomwachomwa. Aliyekataa kusikia habari za fistula huishia kuwekewa katheta, yaani mrija wa kupitishia damu, shingoni usiku wa dharura, nayo huleta maambukizi ya damu mara nyingi zaidi. Huyo hakuchelewesha chochote. Alianza siku ile ile ambayo angeanza, ila kwa mlango mbaya.

Kujiandaa pia hufungua njia nyingine. Uchunguzi wa kupandikizwa figo unaweza kuanza kiwango kikiwa karibu na 20, na aliyepata mtu wa kumchangia anaweza kupandikizwa kabla hajaunganishwa na mashine hata mara moja. Huko ndiko kuiepuka dayalisisi kuliko kamili zaidi, na hukosekana mara nyingi kwa sababu tu mazungumzo ya familia yalichelewa. Ipo dayalisisi ya tumboni, inayosafisha damu kwa majimaji yanayoingizwa na kutolewa tumboni, na hufanyika nyumbani na mgonjwa mwenyewe. Na kwa mzee dhaifu mwenye maradhi mengi, kuchagua kutibiwa bila mashine kabisa ni uamuzi wa heshima. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 uliofuatilia wakazi wa nyumba za kutunzia wazee walioanza dayalisisi ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 58 walikuwa wamefariki, na asilimia 13 tu walibaki na uwezo wao wa awali wa kujihudumia. Kwa mtu kama huyo, tiba ya kuondoa muwasho, kichefuchefu, uvimbe na upungufu wa damu inaweza kumpa siku bora kuliko safari tatu za hospitali kila wiki.

Kwa wanaoanza, kuna jambo ambalo huwa halielezwi siku ile ya kwanza. Mashine ya mara tatu kwa wiki, saa nne nne, hufanya sehemu ndogo tu ya kazi ya figo nzima. Mkojo unaoendelea kutoka baada ya hapo bado una thamani kubwa: unaondoa maji na taka saa zote, unalegeza masharti ya kunywa, na wagonjwa wanaoendelea kukojoa kwa kawaida huishi muda mrefu kuliko wale ambao mkojo wao umekauka. Baadhi yao huweza kuanza na vipindi viwili kwa wiki, kwa uamuzi wa daktari. Kwa hiyo diklofenaki inabaki kuwa adui, presha inaendelea kupimwa, dawa ambazo daktari hajaziondoa zinaendelea kumezwa, na mkojo wa siku nzima unapimwa kwenye chombo mara kwa mara ili kujua figo zinachangia kiasi gani.